Miguu ya Watu wa Juu

Nina nyumba. Napenda kuanzia hapo, kwa sababu kuna watu walioniambia sitakuwa nayo. Iko mtaa wa Majimbo, hapa Embu, gorofa ya pili, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi, mlango wa buluu niliouchagua mwenyewe. Hati yake ina jina langu peke yangu, na nimeisoma mara nyingi kuliko Biblia, Mungu anisamehe. Niliinunua kwa cherehani. Zaidi ya miaka ishirini ya kushona sare za shule, kola juu ya kola, marinda ya sketi za wasichana, mifuko ya kaptura ambayo wavulana huipasua kabla muhula haujaisha.

Kwetu ni Meru, upande wa juu kwenye baridi. Baba aligawa shamba kabla hajafariki, na aligawia wavulana. Sisemi kwa uchungu. Haya, nasema kwa uchungu, lakini ni wa zamani, hauumi ila ukiguswa. Niliolewa, ndoa ikakataa, nikarudi nyumbani na sanduku moja. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniambia kaa. Nikashuka Embu.

Kaka zangu waliposikia nimenunua nyumba ya gorofa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkubwa akasema, "Umenunua hewa wewe! Juu si kwako, chini si kwako. Sasa sukumawiki utapanda wapi? Ukichimba shimo si utaangukia jirani kwa sufuria?"

Watu wa kwetu ni watu wa udongo. Mtu asiye na udongo wanamwona kama amesimama kwa mguu mmoja. Lakini aliyeniumiza si wao, ni mama.

Mama alisema kwa upole, akinishika mkono, "Mungu akubariki msichana wangu, umefanya kazi. Lakini mimi silali chini ya miguu ya watu."

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua alichomaanisha. Ukiwa umekaa chini umenyoosha miguu, mtoto akakuruka, utasikia watu wazima wote wakipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Na mtoto lazima akuruke tena arudi upande alikotoka, ndipo mambo yawe sawa. Usiporudishiwa, wanasema, umeachiwa mkosi. Sasa mama aliwaza hivi: katika gorofa, watu wanakuruka kutwa kucha, umelala wanakuruka, unakula wanakuruka, na hakuna hata mmoja anayerudisha.

Ningecheka kama mambo yangeishia hapo. Lakini mama ana desturi yake. Mtoto wake akijenga, yeye huenda kulala usiku mmoja, na akiamka asubuhi kabla hajanywa chai, hujitemea mate kidogo kifuani na kuibariki ile nyumba. Alifanya hivyo kwa kaka zangu wote watatu, hata yule wa mwisho ambaye nyumba yake ilikuwa bado haina madirisha. Nyumba ambayo mama hajalala, kwetu haihesabiwi. Watu wakikaa wakihesabu miji ya watoto wa mama, wanahesabu mitatu. Mimi nipo hapo hapo, nawapakulia chakula, nasikia mitatu.

Usiku mmoja tu. Hicho ndicho nilichotaka, na kwa miaka miwili mama alinikatalia.

Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, watu wa juu wakaanza.

Gorofa ya tatu, juu yangu kabisa, walikaa mtu na mkewe, vijana wa ofisi, watu wa salamu nzuri kwenye ngazi. Walipopata mtoto nilipeleka kifulana nilichoshona mwenyewe, nikampa yule baba getini. Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, nikiwa nimeleta kola nyumbani nizimalizie kwa utulivu, nikasikia: du. Du. Du. Du. Vikombe vyangu kabatini vikaanza kutetemeka. Sindano ikaenda kombo. Nikangoja. Nusu saa nzima, du, du, du. Kukanyamaza. Saa kumi jioni, tena.

Kesho yake, tena. Na kesho yake.

Nilifikiria kila kitu. Nilifikiri yule kijana ananyanyua vyuma. Nilifikiri wanapigilia vitanda misumari, lakini ni vitanda vingapi jamani? Na mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mama husema nilizaliwa maji yakichemka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa wenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu anayekaa chini kabisa na anayependa karatasi kuliko chakula. Akavaa miwani, akafungua kanuni za jengo. Mbuzi haruhusiwi. Jiko la makaa kwenye baraza haliruhusiwi. Kutoboa ukuta Jumapili hakuruhusiwi.

"Sasa wao wanafanya nini hasa?" akaniuliza.

"Sijui wanafanya nini! Wanafanya du du du!"

"Du du du haimo," akasema, akafunga kitabu. "Andika barua."

Nikaandika. Nikaandika tatu. Yule mama mchanga alinijibu kwa simu, maneno laini, "Pole sana auntie, tutapunguza." Ilinyamaza siku mbili, siku ya tatu ikaja na nguvu mpya. Mbona sikupanda mwenyewe nibishe hodi? Kiburi, basi. Nilijiambia siwezi kupanda ngazi kwenda kuomba amani ya nyumba yangu mwenyewe. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nikakaa chini nikangoja, na kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyochemka.

Siku moja nikashika ufagio wa mpini mrefu, nikapanda juu ya stuli, nikagonga dari. Ko! Ko! Ko!

Kukanyamaza. Nikasema, ehe, wamesikia. Kumbe wapi! Du, ikarudi. Nikagonga. Du, ikasubiri. Nikagonga. Du. Wee! Wananicheza! Nikigonga wananyamaza, nikitua wanapiga, kwa kufuatana vizuri kabisa, kama watu wanaoimba wimbo wa kuitikiana. Nilishuka kwenye stuli nikisonya. Nimedharauliwa na kaka zangu, nikanyamaza. Lakini kudharauliwa kwenye dari yangu mwenyewe, aka!

Tangu hapo ikawa vita. Wakipiga, napiga. Siku nikiwa dukani kwangu ninakoshonea nilikuwa najua saa nne imefika, mkono unaniwasha.

Ndipo mama akapiga simu. Macho yalikuwa yanamsumbua, na daktari wa macho anayesifika yuko Embu. Angeonwa siku moja, na siku ya pili arudi kuchukua miwani.

"Basi utalala kwangu, mama."

Akasema, "Nitalala kwa yule mama wa kanisa letu aliyehamia huko mjini. Ana nyumba ya chini. Lakini kwako nitapita ninywe chai."

"Mama."

"Nitapita ninywe chai, nione. Kulala ni neno lingine."

Nione. Nililishika neno hilo kama mtu anayeshika ncha ya uzi. Nilisugua nyumba mpaka sakafu ikawa inateleza. Nikatandika kitanda cha chumba cha pili, ambacho tangu ninunue hakijalaliwa na mtu, shuka jipya, blanketi zito la kumkumbusha kwetu. Na kwa mara ya kwanza nikawapigia magoti watu wa juu: nikamwandikia yule mama mchanga, nikasema kesho mama yangu anakuja, ni mzee, nakuomba, saa kumi jioni kuwe kimya. Siku hiyo moja tu. Hakujibu.

Mama alifika saa tisa kutoka kwa daktari, amevaa kilemba chake cha kwenda ibadani, na nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba gunia. Ndizi. Mama hawezi kumtembelea mtu mikono mitupu, na ndizi zake hazisafiri bila kufungwa majani makavu ya mgomba, mengi, tabaka juu ya tabaka, zisichubuke. Alifungua gunia katikati ya zulia langu jipya, majani yakamwagika kila mahali.

"Mama, si ungetumia magazeti tu?"

"Magazeti yana nini?" akasema, akaendelea.

Alitembea nyumba yote. Alifungua bomba, akalifunga. Aligusa ukuta. Alitazama kile kitanda, akapapasa blanketi. Kisha akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mkoba wake mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili, akainua macho akaitazama dari. Nilimmiminia chai. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani na kusali bila kufumba macho.

Saa kumi na dakika tano. Du.

Du. Du. Vikombe vikaanza kulia kabatini. Mama akashusha kikombe chake. Nikaona ameukumbatia mkoba zaidi, na nikajua imekwisha, atakunywa, atashukuru, ataondoka, na nyumba zitabaki tatu milele. Nikashika ufagio. Sikuwaza hata kidogo kwamba mzee ananitazama. Nikapanda stuli, nikagonga kwa hasira zangu zote. Ko! Ko!

Du, wakajibu. Ko. Du. Ko. Du.

"Unachelewa," mama akasema.

Nikageuka. Ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Nini?"

"Unachelewa kushusha. Unamkatiza mwenzako." Akainua kidole. "Hayo ni mawele. Yameloweshwa maji kidogo, ganda linatoka. Kinu kikubwa, cha mti mgumu. Na anayetwanga si kijana, huyo anapumzika kila baada ya kumi."

Nilibaki juu ya stuli na ufagio wangu. Kinu! Mimi, niliyekulia mgongoni mwa mama akitwanga, nimesikia kinu miezi miwili na sikukijua. Unga wa pakiti umenimaliza. Lakini aibu yangu ikageuka hasira papo hapo, ndivyo nilivyo. Kinu ndani ya gorofa! Nikaruka chini, nikatoka, nikapanda zile ngazi mbili mbili. Sikumngoja aliye juu tena. Nikabisha kama askari.

Mlango ulifunguliwa na yule mama mchanga, mtoto begani. Aliponiona alitamani ardhi impasukie. Nyuma yake, katikati ya sebule, kwenye sakafu tupu, kulikuwa na kinu kinachofika kiunoni, na kando yake shosho mmoja, bibi kizee mwembamba, amefunga leso kiunoni, mchi mkononi, jasho linang'aa usoni. Alinitazama. Akautazama ufagio, maana nilikuwa nimekuja nao. Uso wake wote ukafunguka.

"Ni wewe!" akasema. "Ni wewe wa chini! Mtwangaji mwenzangu!"

Nikashusha ufagio.

Akaniacha mlangoni akamgeukia mkwewe. "Si nilikwambia? Nilikwambia kuna mtu huko chini anatwanga na mimi!" Akarudi kwangu, akanishika kiganja. Alitoka Mbeere, akaniambia, mwanawe alipopata mtoto. Alileta mawele yake na kinu chake, kwa sababu mama aliyejifungua hanywi uji wa pakiti, maziwa hayatashuka. Lakini nyumba hizi! Milango imefungwa, hakuna anayekuita, hakuna unayemsikia akikohoa. Wiki ya kwanza alitaka kurudi kwake. "Halafu siku moja nikakusikia. Nikasema, asante Mungu, hata huku kuna mtu. Nikawa nakungoja. Ukipiga nanyamaza, unaponyamaza napiga. Siku ukikosa, nasema, leo mwenzangu ameenda sokoni."

Ngai, Mungu wangu! Nilikuwa nimeandika barua tatu. Nilimtazama yule mama mchanga, naye akanitazama kwa macho ya kuomba, nikaelewa yote. Zile barua hazikumfikia shosho. Msichana wa watu angemwambiaje mama mkwe, aliyebeba kinu kutoka Mbeere kwa ajili yake, kwamba kinu chake ni kelele? Alikuwa anazificha, anabuni visingizio vya siku mbili, mara mtoto amelala, mara mawele bado yapo. Kati ya mkwe na jirani, amekaa kama nyama kwenye mkate. Nikaficha ufagio nyuma yangu.

"Ndiyo, shosho," nikasema. "Ni mimi."

Nyuma yangu nikasikia pumzi. Mama amefika, ameshika reli ya ngazi, kilemba kimelegea. Amepanda gorofa peke yake na macho yake mabovu. Hakunitazama. Akamtazama yule shosho, kisha miguu yake. Miguu mitupu, mipana, visigino vimepasuka, vumbi la mawele kati ya vidole. Mama naye akavua viatu vyake mlangoni. Nakwambia, ungeiweka miguu ile minne pamoja usingejua ipi ni ya nani.

Wakasalimiana, mmoja Kimeru mwingine Kimbeere, na pale maneno yalipoachana wakaazima Kiswahili. Dakika tano walikuwa wamefika kwenye habari za mvua. Dakika kumi mama alikuwa na mchi wa pili mkononi.

Alipiga mara moja, akasimama, akapapasa sakafu kwa unyayo. "Hii ni mawe matupu," akasema. "Hakuna ngata?"

"Kwetu tunatwangia udongoni," shosho akasema. "Sikujua mawe yanapeleka sauti hivi. Ni kelele?"

Mkwewe akainamisha macho. Shosho akashika mdomo. Mama akaokoa watu wote: "Si kelele. Ni kinu hakina kitanda." Akanigeukia. "Niletee yale majani yangu."

Yale majani makavu niliyoyanung'unikia! Nilishuka nikayakusanya yote, mpaka yaliyokuwa chini ya kochi. Nilipoyaleta, wazee wale wawili wakakaa sakafuni, wakayasokota, wakayazungusha, wakayafunga, ngata kubwa nene kama ile ya kubebea mtungi, ila hii ya kubebea kinu. Mikono yao haikuhitaji macho. Mimi ni fundi, najua mkono unaojua kazi, na nilisimama pale nikajivuna kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa mama. Mkono wangu huu ulionunua nyumba, niliona ulikotoka.

Wakakalisha kinu. Mama akasema, "Shuka kwako usikie."

Nikashuka. Niliingia chumba cha pili, nikalala chali juu ya blanketi jipya. Nikangoja. Ilikuja, lakini ilikuja kwa mbali, pu, pu, pu, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni alale. Vikombe havikulia. Ilikuwa michi miwili sasa, mmoja ukipanda mwingine ukishuka, hakuna anayechelewa.

Ndipo ikanijia. Huyo mmoja ni mama. Mama yangu yuko juu ya kichwa changu, anakanyaga dari yangu, na mimi nimelala chini ya miguu yake. Machozi yakanitoka, nikayaacha yaingie masikioni.

Alishuka baada ya saa nzima, amebeba viatu mkononi na bakuli la unga wa mawele. Alisimama mlangoni kwangu kwanza, hakuingia.

"Ulikuwa umelala pale?" akaniuliza, akionyesha chumba kwa kidevu.

"Ndiyo, mama."

"Basi nilikuruka." Akaingia. Akapita sebule, akapita mbele yangu mpaka kwenye kile chumba, polepole, miguu mitupu kwenye sakafu yangu inayoteleza. "Haya. Nimerudisha."

Akaurudia kitini ule mkoba aliokuwa ameukumbatia, akauweka juu ya kitanda.

Asubuhi alinikuta jikoni nikikoroga uji. Alijitemea mate kifuani, akayasema yale maneno yake, akataja mlango, akataja cherehani, akawataja na watu wa juu. Juu yetu shosho alikuwa ameshaanza, pu, pu, pu. Hapo simu ya mama ikaita. Ni kaka yangu mkubwa, namjua kwa sauti hata simu ikiwa sikioni kwa mtu mwingine. Alikuwa anauliza kama amelala salama, na amelala wapi, kwa yule mama wa kanisa?

"Ari," mama akasema, yaani hapana. Akapuliza uji wake. "Nimelala kwangu."

Kaka akauliza tena, akidhani hajasikia. Mama alinitazama, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kwangu! Embu!"